Mtoto wangu ana kisukari aina ya kwanza na hataki "chakula cha wagonjwa". Nimpikie nini?

SWALI: Mwanangu ana miaka 8, kilo 22, yuko darasa la pili. Miezi mitano iliyopita aligundulika ana kisukari aina ya kwanza. Anachomwa insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Niliambiwa nimpe dona na mboga za majani, na nimwachishe vitu vya sukari. Dona haitaki, na analia akiona wadogo zake wanakula vitumbua. Siku hizi namwacha aende shule bila kitafunwa ili sukari isipande, lakini mara mbili mwalimu amenipigia simu saa tano asubuhi kwamba anatetemeka na kutokwa jasho. Ikifika jioni mashine ya kupimia sukari inasoma 15 hadi 18 (mmol/L). Nimpikie nini? (Mama, Mikindani, Mtwara)

JIBU: Mama, naanza na hilo la saa tano, kwa sababu ndilo linaloweza kumdhuru mtoto hata kesho. Kule kutetemeka ni sukari iliyoshuka. Insulini ya mchanganyiko inayotolewa sana hospitalini ina sehemu mbili ndani ya chupa moja: asilimia 30 ni ya haraka na asilimia 70 ni ya polepole. Ukimchoma saa 12 asubuhi, ile ya haraka inashika kasi kati ya saa 2 na saa 4. Ile ya polepole inaanza kupata nguvu kuanzia saa 4 na kuendelea hadi alasiri. Maana yake, kati ya saa 4 na saa 8 mtoto ana dawa nyingi mwilini. Kitafunwa cha saa 4 kwake ni sehemu ya dozi. Ukikiondoa, ni sawa na kumwongezea insulini.

Na zile 15 hadi 18 za jioni huenda zinatokana na jambo hilohilo. Mtoto aliyeshuka sukari anarudi nyumbani na njaa kali, anakula sahani mbili za wali bila kupumua, halafu sukari inaruka. Ukiona namba kubwa, kesho yake unambana zaidi asubuhi, anashuka tena. Mzunguko huo unavunjwa kwa kumlisha kwa saa, siyo kwa kumnyima.

Kwa hiyo kuanzia kesho mtumie mwalimu makopo mawili madogo yenye mfuniko, hata yale ya vidonge yaliyosafishwa vizuri, ndani ya kila moja vijiko viwili vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa kwa kisu juu. Hiyo ni kama gramu 8, na mtoto wa kilo 22 anahitaji gramu 6 hadi 7 kurudisha sukari iliyoshuka chini ya 4. Ibaki kavu kwenye kopo. Ukiichanganya na maji mapema, kwa joto la Mtwara itachacha. Akitetemeka, akitoka jasho, akiwa mkali ghafla au akizubaa, anakorogewa sukari yote ya kopo moja kwenye robo kikombe cha maji, anakunywa, anakaa chini dakika 15, kisha anapimwa. Ikiwa bado chini ya 4, au hakuna mashine na dalili zinaendelea, anarudia kwa kopo la pili. Akishapata nafuu anakula kitafunwa chake. Biskuti, chokoleti au korosho hazifai kwa dakika hizo 15, kwa sababu mafuta yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Akizimia au akipata degedege, asimiminiwe chochote mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Mwambie mwalimu maneno hayo uso kwa uso, na umwachie kwa maandishi.

Sasa tuje kwenye chakula. Kwanza ondoa neno "marufuku" jikoni. Ugonjwa huu haukuletwa na pipi wala soda. Kinga ya mwili wake imeshambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na wewe mama hukufanya kosa lolote. Mtoto anaweza kula karibu kila kinachopikwa nyumbani, ila mambo mawili hayana mjadala: kiasi cha wanga katika kila mlo kiwe kilekile siku hadi siku, na mlo uje kwa saa yake. Dozi yake haibadiliki kila siku, kwa hiyo chakula ndicho kinachopaswa kutulia. Mtoto wa umri wake hutumia karibu gramu 190 za wanga kwa siku. Zinaweza kugawanywa hivi: asubuhi saa 12:30, nusu saa baada ya sindano, gramu 40, saa 4 gramu 15, saa 6 gramu 15 nyingine, kwa kuwa chakula cha mchana anakikuta nyumbani saa 8 na zaidi, mchana gramu 45, saa 11 jioni 15, usiku saa 1 gramu 45, na kabla ya kulala 15. Mpangilio huu upeleke kliniki kabla ya kuanza, waulinganishe na dozi. Hadi sasa alikuwa anakula tofauti, na inawezekana wakabadilisha kipimo cha asubuhi au cha jioni. Usibadilishe dozi mwenyewe. Hicho kitafunwa cha saa 4, hata hivyo, usisubiri tarehe ya kliniki. Kirudishe kesho.

Gramu 45 za wanga zinaonekanaje sahanini? Nenda dukani, mwombe muuza duka akupimie gramu 60 za unga wa mahindi kwenye mzani wake. Unga mkavu una wanga kama robo tatu ya uzito wake, kwa hiyo hapo ndipo zilipo gramu 45. Upike peke yake, kwa ugumu uleule mnaopenda nyumbani, kisha uukandamize ndani ya bakuli dogo na uchore alama ya kucha au rangi pale ulipoishia. Kuanzia siku hiyo hupimi tena. Unasonga ugali wa familia nzima, unajaza bakuli lake hadi alama, unampindulia sahanini. Kosa linalotokea hapa ni ugali kubadilika: ukiwa laini una maji mengi na wanga kidogo, ukiwa mgumu bakuli lilelile linabeba zaidi. Anayesonga leo na anayesonga kesho wakubaliane.

Fanya hivyohivyo kwa wali: gramu 56 za mchele mbichi, upike, weka alama kwenye bakuli la pili. Na kwa ugali wa muhogo pima gramu 55 za unga, kwani una wanga zaidi ya mahindi na protini kidogo mno. Ukimpa ugali wa muhogo, kitoweo cha samaki au kunde kisikosekane. Unga uwe wa muhogo uliolowekwa na kukaushwa ipasavyo.

Kuhusu dona: ni nzuri, ina nyuzinyuzi na inapandisha sukari taratibu kidogo kuliko sembe. Lakini tofauti ya wanga kati yake na sembe ni ndogo. Kilima cha dona kinamzidishia sukari kuliko bakuli lililopimwa la sembe. Mtoto akikataa dona, mpe sembe iliyopimwa ale amalize, kwa sababu insulini imeshaingia na chakula kilichobaki sahanini ni hatari kuliko sembe. Baadaye changanya robo ya dona, kisha nusu, bila kumtangazia. Na ule unga unaouzwa kwa bei kubwa kwa jina la unga wa wagonjwa wa kisukari ni unga tu. Ukiununua, upime kama mwingine.

Vitumbua sasa, maana ndivyo vinavyomliza. Nataka uvipike, tena avile pamoja na wadogo zake kutoka kwenye sahani moja. Kanuni ni hii: pima kabla ya kupika, gawanya baada ya kuiva. Loweka gramu 250 za mchele usiku kucha. Asubuhi umwage maji, usage na mililita 250 za tui, kijiko kimoja cha chai cha hamira, hiliki, na vijiko vinne vya chai vya sukari badala ya ile nusu kikombe iliyozoeleka. Hivyo vinne vinatosha kuamsha hamira na kuacha utamu. Hiliki na tui vinafanya kazi iliyobaki. Acha uumuke hadi utoe mapovu juu, kama saa moja kwa joto letu. Mchele una gramu 200 za wanga, sukari 16, tui kama 8: jumla 224. Choma kwa upawa mmoja uliojaa sawasawa kila mara, upate vitumbua 16. Gawanya: kila kimoja kina gramu 14. Kimoja ni kitafunwa cha saa 4. Viwili na kikombe cha maziwa ya mililita 200 yasiyo na sukari, ambayo yana gramu 10, ni kifungua kinywa cha karibu gramu 38.

Ukipata vitumbua 12 badala ya 16, kila kimoja kina karibu gramu 19, na hapo ndipo watu wanapopotea: wanakumbuka "kitumbua kimoja" na kusahau ukubwa. Uji wa vitumbua ukiwa mwepesi mno au chuma kikiwa hakijashika moto, vitumbua vinanyonya mafuta. Mafuta hayaongezi wanga, lakini yanachelewesha sukari kupanda, na utaona namba nzuri baada ya masaa mawili kisha mbaya baada ya manne. Vitumbua vya kununua gengeni huwezi kujua vina sukari kiasi gani, kwa hiyo hivyo viwe vya nadra.

Hesabu hiyohiyo inabeba maandazi na chapati. Nusu kilo ya unga wa ngano ina gramu 380 za wanga. Ukitengeneza chapati 10, kila moja ina 38, yaani chapati moja tu inakaribia mlo mzima. Maandazi ya nusu kilo hiyo na vijiko 10 vya chai vya sukari, ukiyakata 28 madogo, kila moja lina 15.

Ila kifungua kinywa ninachokipenda kwa watoto wa huku ni mbaazi za nazi. Mbaazi tunazo tele, na wanga wake unaingia kwenye damu polepole kwa sababu ya nyuzinyuzi na protini. Gramu 150 za mbaazi zilizoiva, kiasi cha karibu kikombe kimoja, zina kama gramu 25 za wanga unaogeuka sukari. Ongeza kitumbua kimoja au andazi dogo moja, umefika 40. Mtoto anaona ni mbaazi na kitumbua kama nyumba nyingine yoyote. Uji nao anaweza kunywa, lakini ni kimiminika cha unga laini, unapanda haraka na unaisha haraka, ndiyo maana anayetoka na uji mtupu ana njaa kabla ya kengele ya mapumziko. Akinywa, upike kwa gramu 35 za unga wa ulezi na maziwa mililita 200, uongeze kijiko cha karanga au korosho zilizosagwa. Sukari usitie. Siku hiyo ongeza na yai la kuchemsha.

Vitoweo havihitaji kupimwa kwa ajili ya sukari. Kibua, changu, dagaa, pweza, yai, kuku: hivi karibu havina wanga. Kisamvu, matembele, mchicha, mlenda na bamia vina kidogo sana, ale ashibe navyo. Mtoto anayedai nyongeza baada ya kumaliza bakuli lake la ugali, mwongezee samaki na mboga. Tui la nazi halina wanga wa kutisha, lakini kisamvu cha tui zito juu ya wali wa nazi kinasogeza kupanda kwa sukari mbele kwa masaa kadhaa. Siku za wali wa nazi, mboga iwe ya chukuchuku. Kunde na choroko zina wanga, hivyo akila bakuli zima la kunde, punguza ugali kidogo.

Mfukoni mwa shule weka kimoja kati ya hivi, kila kimoja kama gramu 15: kitumbua cha nyumbani, kipande cha muhogo wa kuchemsha cha gramu 40, ndizi mbivu ndogo, chungwa moja la wastani. Zungusha ili asichoke. Kwa saa 6 chagua kisichoharibika na joto. Ndizi na chungwa vinavumilia kuliko vitumbua vya nazi. Siku ya michezo, akicheza mpira saa nzima, mpe ndizi moja ya ziada kabla ya kuanza, na usiku huo mpime kabla ya kulala, kwa kuwa mwili unaendelea kufyonza sukari masaa mengi baada ya kukimbia.

Matunda anakula, ila yana hesabu. Nyama ya embe ina kama gramu 15 za wanga kwa kila gramu 100, na dodo moja kubwa linaweza kubeba 45, yaani mlo mzima wa mchana. Mkatie robo, wengine wale iliyobaki. Tikiti maji lina nusu ya hapo kwa uzito uleule. Korosho zetu ni nzuri kama nyongeza: konzi ya gramu 30, punje kama 20, ina gramu 8 au 9 tu za wanga, inashibisha. Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, bibo lihesabiwe kama tunda, na maji yake yaliyokamuliwa yahesabiwe kama juisi. Uraka, ile pombe ya mabibo, asionjeshwe hata kwa mzaha, kwani pombe inalizuia ini kutoa sukari ya akiba, na mtoto mwenye insulini mwilini anaweza kushuka usingizini. Ming'oko (viazi vya porini vya huku kwetu) iliyochemshwa ianze kuhesabiwa kama viazi vikuu, gramu 60 kwa kitafunwa kimoja, halafu mashine ikuonyeshe yeye anaipokeaje. Soda, juisi za unga na maji ya miwa ni vya dharura ya sukari kushuka peke yake. Akiwa na kiu, maji. Dafu lina gramu 4 hivi kwa kila mililita 100, kwa hiyo kikombe kidogo kinaweza kukaa ndani ya kitafunwa cha jioni.

Vijiti vya kupimia ni ghali, na sitakuambia umpime mara nane kwa siku. Pima asubuhi kabla ya sindano na jioni kabla ya sindano kila siku. Kijiti cha tatu kitumie kwa uchunguzi: wiki hii kipime masaa mawili baada ya vitumbua na mbaazi, wiki ijayo masaa mawili baada ya wali. Kabla ya kula tunatafuta 4 hadi 8, na masaa mawili baada ya kula isizidi 10. Andika kwenye daftari saa, namba, na alichokula kwa kipimo cha bakuli. "Ugali na samaki" haisaidii kitu. "Ugali bakuli hadi alama, kibua wawili" inasaidia.

Ikiwa chakula kimetulia wiki mbili na namba bado zinaruka, tazama insulini kabla ya kumlaumu mtoto. Chupa ya mchanganyiko lazima izungushwe taratibu kati ya viganja, kama mara 20, hadi weupe wake uwe sawa chupa nzima. Usiitikise kwa nguvu. Isipochanganyika, leo anapata ya haraka nyingi, kesho ya polepole nyingi. Papasa mapaja na tumbo: kukiwa na vivimbe laini pale anapochomwa kila siku, dawa inanasa hapo, hamisha sehemu. Na chini ya bati la Mtwara mwezi Novemba, chupa iliyo wazi haifai kukaa kabatini. Kama hakuna friji, tumia vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga mbichi kati yao, kitambaa chenye unyevu juu, mahali penye kivuli na upepo. Chupa iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, na ikifikisha siku 28 tangu kufunguliwa, badilisha.

Kama nyumba yenu inafunga Ramadhani, mtoto huyu hafungi, lakini ataketi kwenye futari, na futari ya Pwani karibu yote ni wanga: tambi, viazi vitamu, mihogo ya nazi, uji, tende. Achague kimoja kiwe mlo wake wa gramu 45, kwa mfano gramu 120 za muhogo pamoja na samaki, na tende moja iingie kwenye hesabu kwa gramu 5 au 6. Mchome nusu saa kabla ya adhana ya magharibi, ili sindano na sahani vikutane, na daku ya familia isiwe sababu ya kumpa mlo wa ziada.

Akiugua na kukataa kula, insulini haikatwi. Piga simu kliniki siku hiyohiyo, mpe maji kidogo kidogo, na sukari ikiwa chini au inashuka, mpe uji mwepesi wenye sukari kwa vijiko. Akianza kutapika, kuhema kwa nguvu na kwa kina, au pumzi yake ikinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, usisubiri asubuhi. Mpeleke hospitali ya Ligula usiku huohuo. Majani ya mlonge au dawa yoyote ya kuchemsha haiwezi kushika nafasi ya sindano kwa aina hii ya kisukari, hata kwa siku moja, yeyote atakayekushauri.

Utakapokwenda kliniki, beba daftari la siku 14, mabakuli yote yenye alama, na kitumbua kimoja cha ukubwa unaompa. Muuguzi akiviona ataelewa anakula nini haraka kuliko kwa maelezo, na ataweza kuipanga dozi ya asubuhi kwa chakula anachokula kweli.